Wakuu, tunataka kukodi boti ya matanga Mediterania Julai mwakani, tuko washkaji sita, tuanzie wapi?

mtoto_wa_upanga aliandika:

Habari zenu wakuu. Tuko sita, wanaume wanne na wadada wawili, tunajuana tangu chuo, wote tupo hapa Dar isipokuwa mmoja yuko Ujerumani anasoma. Huyo wa Ujerumani ndo kaleta wazo, kwamba kiangazi cha kule mwakani badala ya kila mtu kula likizo kivyake tuchange tukodi boti ya matanga wiki nzima tuzunguke pwani ya Mediterania, tunalala humohumo, tunapika humohumo, kesho mnaamkia kisiwa kingine. Kwakweli wazo limetuingia wote, kwenye grupu la WhatsApp siku hizi hakuna mada nyingine.

Sasa yanayotutatiza ni haya. Nchi kwanza, mmoja anataka Ugiriki, mwingine Kroatia, mwingine anasema Uturuki kwa sababu ya chakula halali maana Waislamu tuko watatu. Halafu hakuna hata mmoja mwenye leseni ya boti, kuna mshkaji wetu kakulia Kunduchi ngalawa anaijua vizuri mno ila karatasi hana. Halafu mmoja wetu hajui kuogelea kabisa, kaniambia mimi tu, sitaki kumtaja lakini nataka kujua kama ni salama kwenda naye. Na la mwisho ni hela, tumeanza kuchanga ila hatujui tulipe boti kwanza au tushughulikie viza kwanza. Waliowahi kwenda au wanaoijua bahari naomba mnisaidie, tunataka tufanye kitu cha maana kabla watu hawajaanza kuoa na kutawanyika.

kibada_junction:

Mkuu hongereni, ila hiyo hela Mafia na Pemba mngezunguka mwezi. Mmeshazimaliza za kwetu?

mtoto_wa_upanga:

@kibada_junction Mafia tumeenda Desemba mkuu, na tutarudi Mungu akipenda. Hii ya sasa ni kwa ajili ya mwenzetu pia, yeye likizo yake fupi na tiketi ya kuja Bongo kiangazi inapanda sana, tukimfuata kule tunakutana nusu njia.

dada_wa_mbezi:

Nimeenda Ugiriki na marafiki zangu, wanawake watupu pamoja na nahodha wa kukodi, kwa hiyo nakuambia nilichokiona.

Kwanza kabisa, Julai na Agosti achaneni na visiwa vya Cyclades. Najua zile picha za nyumba nyeupe na makuba ya bluu zimewachanganya, hizo ni Santorini na wenzake na wako hukohuko Cyclades, ndo maana kila mgeni anakimbilia huko. Lakini miezi hiyo kuna upepo wanauita meltemi, unatoka kaskazini, unaweza kupiga siku tatu nne mfululizo na mbingu nyeupe kabisa hakuna wingu la kukuonya, boti ndogo zinakaa bandarini zinasubiri. Nyie mna wiki moja tu, mkikaa siku tatu mnasubiri upepo utulie mmekwisha, na mtagombana.

Sisi tulienda upande wa magharibi, bahari ya Ionia, tukaanzia Lefkada. Hiki ni kisiwa lakini kimeunganishwa na bara kwa daraja kwa hiyo unafika kwa basi kutoka Athens masaa kama matano hivi, au unatua uwanja wa Preveza ambao uko jirani tu. Kutoka pale visiwa viko karibukaribu, Meganisi, Ithaca (ndo kwao Odysseus yule wa hadithi za Wagiriki wa kale), Kefalonia wana kijiji kinaitwa Fiskardo kizuri jamani mpaka unataka kulia. Na upepo wa huku una adabu. Asubuhi shwari, mnaogelea, mnakunywa chai, ikifika saa saba saa nane mchana unaanza kuvuma kutoka kaskazini magharibi wanauita maistro, mnatweka matanga mnakwenda nao, jua likizama na wenyewe unalala. Karibu kila siku ndo ratiba hiyo.

Maisha ya ndani sasa maana haya watu hawasemi. Boti ya futi 40 ni mita 12, ina vyumba vitatu au vinne na choo kimoja au viwili, na watu saba (sita na nahodha) humo mnagusana viwiko kuanzia asubuhi mpaka usiku. Maji ya kuoga yako kwenye tenki, mia chache za lita, mnaoga nyuma ya boti kwa kijishawa na mwenye nywele ndefu anafunga maji wakati anapaka sabuni. Choo kinaziba kirahisi, hakitupwi kitu humo hata toileti pepa, inawekwa kwenye mfuko. Waambieni watu wote hili mapema kabisa, hasa wanaume.

Hela, siku ya kwanza kila mtu alitoa kiasi sawa kikawekwa kwenye mfuko mmoja akakabidhiwa rafiki yetu ambaye hana huruma na hela ya mtu. Humo ndo kinatoka chakula, dizeli, maji ya kujaza tenki, ada za kufunga boti bandarini. Na chakula cha nahodha pia maana nahodha mnamlisha nyie na lazima mumpe pa kulala, na posho yake ya siku iko pembeni, kawaida inakaribia yuro 200. Kuna na dhamana ya boti ambayo ni maelfu ya yuro inashikiliwa kwenye kadi mpaka mrudishe boti nzima, ulizeni bima ya kuipunguza na muisome kabla hamjasaini.

Chakula msihofu, mkienda na wali wenu na binzari mnapika. Nje ya boti pweza wa kuchoma wanamjua, samaki, maharage, jibini, saladi. Ila nyama ya vijitini ile souvlaki nyingi ni nguruwe, ulizeni kila mara, usione aibu.

pasi_mkononi:

Naongelea viza tu maana hapo ndo safari za watu wengi hufia.

Ugiriki, Italia, Ufaransa, Hispania na Kroatia zote ziko Schengen (lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja), Kroatia imeingia tarehe 1 Januari 2023 na siku hiyohiyo wakaanza kutumia yuro. Uturuki haimo, ina viza yake. Kwa hiyo mkisema mnaanzia Ugiriki mnavuka kidogo kwenda Uturuki mnarudi, jueni kwamba mkivuka mmetoka Schengen, viza ya kuingia mara moja imeisha kazi hapohapo. Ramani inadanganya, kisiwa cha Kos na pwani ya Uturuki unaonana kwa macho lakini katikati kuna mpaka wa uhamiaji wa kweli.

Maombi yanafanywa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, sio ile mnayoipenda. Yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, ila siku 15 ni hadithi, kiangazi miadi inajaa, nyie ombeni mapema iwezekanavyo. Italia na Ufaransa wana ubalozi hapa Dar, kwa Ugiriki na Kroatia hakikisheni kwanza karatasi zenu zinapelekwa wapi, usije ukakuta ni safari ya Nairobi ambayo hamjaiweka kwenye bajeti. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024 na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Pasi iwe na miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka kule, kurasa mbili wazi, na isiwe imezidi miaka kumi tangu itolewe.

Kuhusu swali la boti au viza. Ubalozi unataka kuona mtalala wapi, na mtalala botini, kwa hiyo mnahitaji mkataba wa boti wenye majina yote sita. Lakini makampuni mengi yanataka kama nusu ya hela unapobuku na iliyobaki wiki kadhaa kabla ya safari. Tafuteni inayokubali kuandika kwenye mkataba kwamba viza ikikataliwa mnarudishiwa hela au mnasogeza tarehe. Isipoandikwa haipo, hata kama yule wa kwenye simu amesema sawa sawa. Najua kundi moja hapa mjini viza zilitoka za watu watatu kati ya watano, kampuni ikashikilia hela yote, urafiki wenyewe ukaishia hapo. Kubalianeni leo, mmoja akinyimwa mchango wake inakuwaje, andikeni, kila mtu ajibu nakubali.

Mwenye kazi aende na barua ya mwajiri, mwenye biashara aende na leseni na namba ya mlipa kodi, taarifa ya benki isionyeshe hela imeingia juzi kwa mkupuo.

baharia_wa_msasani:

Nimesoma yote, dada wa Mbezi amesema ukweli, niongeze ya bahari yenyewe. Mimi nafanya kazi kwenye boti za matanga hapa Msasani na nimewahi kukaa misimu Split kule Kroatia.

Huyo kijana wenu wa Kunduchi msimdharau na yeye asijidanganye. Mtu aliyekua na ngalawa anausikia upepo shingoni kabla hajautazama, anajua kwenda bisho (kuupanda upepo kwa mshazari), anajua tanga likipwaya afanye nini, hayo hayabadiliki popote duniani. Kinachobadilika ni bandari. Sisi hapa tunaishi kwa bamvua na maji mafu, wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, tunapanga safari kwa kupwa na kujaa. Mediterania karibu hakuna hicho kitu, sehemu nyingi maji hayasogei hata mita, kwa hiyo gati limejengwa chini chini na boti zinafungwa kwa tezi, yaani nyuma ndo inaelekea gatini. Unadondosha nanga mbali kidogo, unarudi kinyumenyume katikati ya boti mbili za watu zenye bei ya nyumba, upepo unakupiga ubavuni, watu wamekaa mgahawani wanakuangalia, unarusha kamba mbili gatini ndo umefika. Hapo ndo boti nyingi za kukodi zinaumia, sio bahari kuu. Hydra, karibu na Athens, bandari ni ndogo mno, ukichelewa mchana hakuna nafasi, watu wanalaza nanga juu ya nanga za wenzao na asubuhi kila mtu anavuta minyororo ya mwenzake. Ndo maana nawaambia mchukueni nahodha wa kule, hata mngekuwa na leseni.

Leseni yenyewe, kampuni zitawauliza cheti cha nahodha kinachotambulika, cha ICC (cheti cha kimataifa cha kuendesha boti) ndo kinajulikana zaidi, na Ugiriki wanataka na mtu wa pili mwenye uzoefu aandikwe. Kroatia wanataka na cheti cha redio ya VHF. Mkichukua nahodha hayo yote ni juu yake.

Kroatia ni nzuri sana, visiwa na miamba zaidi ya elfu moja, unatoka Split unaenda Brač, Hvar, Vis. Vis ilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia, wageni walikuwa hawaruhusiwi mpaka 1989, kwa hiyo haijajengwa hovyo na mimi ndo nakipenda kuliko vyote. Pepo zao ni bura, inaporomoka kutoka milimani kaskazini mashariki kwa mikupuo, na jugo kutoka kusini mashariki inaleta wimbi na mvua. Kiangazi mara nyingi kunatulia lakini bura ikiamka haiangalii mwezi.

Uturuki msiitupe. Kuna boti za mbao wanaziita gulet, zina nahodha na mpishi wao, mnaweza kukodi nzima au kununua nafasi tu, ile ya kutoka Fethiye siku nne usiku tatu ni maarufu miaka mingi. Chakula halali hakuna shida. Lakini gulet nyingi zinakwenda kwa injini, tanga linapandishwa kidogo tu. Kama mnachotaka ni kushika usukani na kuvuta kamba wenyewe, hapo hamtaupata.

Asiyejua kuogelea anakwenda, tatizo ni kuficha tu. Lazima nahodha ajue, tena kabla hamjang'oa nanga. Laifujaketi inavaliwa gatini sio upepo ukishaanza, usiku hapandi juu peke yake, na anakaa pale nyuma karibu na usukani. Na ana mwaka mzima mbele yake, Dar mabwawa yapo, mwambie aanze mwezi huu. Sio mpaka awe samaki, ajue kuelea chali bila kuhangaika na kushika kamba.

Jambo la mwisho, kabla hamjalipa chochote kodini mashua siku nzima mwende kisiwa cha Mbudya wote mlioko Dar, tena mwende Julai hii kusi likiwa limechachamaa. Mkirudi mtajua nani anatapika, nani ananuna akiwa na njaa, nani anaambiwa shika kamba anashika simu. Kusi la Julai mkondo wa hapo Kunduchi lina wimbi kuliko siku nyingi za Ionia, mkiliweza hilo kule mtafurahi.

mtoto_wa_upanga:

Aisee asanteni sana, nimewasomea wenzangu yote usiku kucha tumepigiana simu. Shikamoo baharia. Yule mwenzetu mwenyewe kajitokeza mbele ya wote baada ya kusoma, kasema ni yeye, na kesho anaenda kuuliza bei ya mwalimu wa kuogelea. Nimefurahi kweli.

Tumekubaliana Ugiriki, upande wa Ionia, na nahodha. Wa Kroatia amelegea aliposikia Ithaca. Maswali yangu mawili. Moja, kuna mtu anasema Septemba ni bei nafuu, kweli? Na pili, kama Ionia ikijaa kuna pengine pa karibu?

dada_wa_mbezi:

Kweli kabisa, Mei, Juni na Septemba boti zinashuka bei, Julai na Agosti ndo kileleni, na karibu na tarehe 15 Agosti msijaribu kabisa maana ni sikukuu kubwa Ugiriki na Italia, kila familia yenye kitu kinachoelea iko majini. Septemba maji bado ya vuguvugu kwa sababu yamepata jua kiangazi chote. Juni mchana ni mrefu sana, jua linazama karibu saa tatu usiku, ila maji yana ubaridi kwa sisi watu wa pwani, mtapiga kelele mkiruka.

Karibu pengine ni ghuba ya Saronic, mnaanzia Athens yenyewe, marina ya Alimos. Aegina iko maili za baharini kama 17, halafu Poros, halafu Hydra ambako magari hayaruhusiwi, mizigo inabebwa na punda, mtu wa Lamu angejiona yuko kwao. Meltemi inafika pale pia lakini bara linaikata nguvu.

baharia_wa_msasani:

Marahaba kijana, na huyo mwenzenu mpe salamu, amefanya kiume.

Nakubaliana na dada, mkiweza Septemba mwanzoni nendeni Septemba. Boti karibu zote zinakodishwa Jumamosi kwa Jumamosi, mnapokea jioni kama saa kumi na moja na mnatakiwa muwe mmerudi bandarini Ijumaa jioni maana Jumamosi saa tatu asubuhi mnashuka. Kwa hiyo siku za kusafiri hasa ni sita. Msipange visiwa vingi, boti inakwenda noti (maili za baharini kwa saa) tano sita, maili 20 ni karibu nusu siku. Wekeni vituo vinne vitano na siku moja msiende popote.

mtoto_wa_upanga:

Septemba wawili wamepata ruhusa kazini wengine wanaomba wiki hii. Mbudya tumepanga Jumamosi ijayo wote watano, wa Kunduchi kapata mashua ya mjomba wake. Swali dogo la mwisho kabla sijawachosha, wadada wanauliza masanduku, kila mtu anaruhusiwa kubwa moja kwenye ndege.

dada_wa_mbezi:

Masanduku magumu wayaache nyumbani! Botini hakuna pa kuyaweka, hayakunjiki, na makampuni mengi wanakataza kabisa yasipande maana magurudumu yanakwaruza sakafu ya mbao. Begi la kitambaa, linakunjwa linaingia chini ya kitanda. Viatu mnatembea peku au raba zenye soli nyeupe. Kila mdada abebe kanga mbili, ya kujifutia na ya kujisitiri, jioni upepo ukiwa na ubaridi unajifunika hiyohiyo. Na vidonge vya kichefuchefu vinunuliwe hapa Dar, unameza kabla ya kuondoka bandarini, ukisubiri tumbo lianze kugeuka umeshachelewa. Wa Ujerumani mwambieni alete kamba ndefu ya kuanikia nguo na pini nyingi, zetu zilipeperuka zote siku ya pili.